Mhusika Aliyekata Tamaa Akiwa Peke Yake

SWALI: Mhusika wa hadithi yangu amekata tamaa na hana wa kumfariji. Nifanyeje ili ainuke kwa nguvu zake mwenyewe, msomaji asihisi kwamba mwandishi ndiye aliyemwokoa?

JIBU: Mpe kazi ya mikono kabla ya kumpa matumaini. Katika riwaya ya Daniel Defoe ya mwaka 1719, Robinson Crusoe, akiwa peke yake kisiwani, anaorodhesha mabaya yaliyompata upande mmoja na mema yaliyomsalia upande wa pili, mithili ya mhasibu, kisha anajishughulisha na kuyatengeneza makao yake. Hotuba ya kujipa moyo, hata iwe fasaha namna gani, ingeliua tukio hilo. Wala usiifute huzuni yote mara moja, kwani Crusoe huyohuyo baadaye hushikwa na uchungu wa ghafla, akalia kama mtoto.