Shemeji amegundulika na TB: ni nani hasa anayepaswa kupimwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Mabatini, Mwanza, katika nyumba ya vyumba viwili. Mdogo wa mume wangu anavua dagaa huko Ukerewe. Alirudi nyumbani akiwa anakohoa, na baada ya miezi miwili alipima makohozi akakutwa na TB. Wiki iliyopita ameanza dawa. Muda wote huo alilala chumba kimoja na wanangu wa miaka 7 na 4, na wa miezi 9 analala kwetu. Mama mkwe amemtengea vyombo na anataka watoto wapelekwe Sengerema. Mimi nilipima makohozi, sikukutwa na kitu. Je, vyombo vinaambukiza? Na wenzake wa kambini nao wanahusika?

JIBU: Marahaba, mama. Vyombo havihusiki. Vimelea vya kifua kikuu havimfikii mtu kwa sahani, kikombe, shuka wala kupeana mkono, bali kwa hewa anayoivuta, tena inabidi vifike hadi kwenye vifuko vidogo kabisa vya hewa ndani ya mapafu ndipo maambukizi yaanze. Mgonjwa anapokohoa, anapoimba au hata anapozungumza, hutoa matone ya ukubwa mbalimbali. Makubwa huanguka chini papo hapo na habari yake huishia hapo. Madogo hukauka kabla hayajafika sakafuni, yakabaki chembe zenye upana wa takriban maikromita 1 hadi 5 (maikromita elfu moja ni milimita moja), nyepesi kiasi cha kuelea chumbani kwa saa kadhaa. Angalia vumbi linalocheza katika mwali wa jua unaopenya tundu la msumari kwenye bati: chembe ninazozisema ni ndogo kuliko vumbi hilo, na mgonjwa anaweza kuwa ameshatoka chumbani zingali zinaelea.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Baltimore nchini Marekani, daktari Richard Riley na wenzake walipitisha hewa ya wodi ya TB kwenye mabomba hadi kwa simbilisi waliofugwa juu ya wodi hiyo. Wanyama wale hawakugusana na mgonjwa yeyote wala na chombo chake, na bado waliambukizwa.

Niliwahi kuitembelea kaya moja Igogo, ambako mgonjwa alikuwa amewekewa sahani na kikombe kwenye rafu ya peke yake, vimefunikwa kwa kitambaa cheupe, ilhali dirisha la chumba alimolala na wapwa zake wawili lilikuwa limezibwa kwa gunia kwa ajili ya mbu. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeegemea jiwe, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za vilimani kwetu, hivyo hewa haikuwa na pa kutokea. Watu wale hawakuwa wazembe. Hakuna aliyekuwa amewaeleza kwamba la kushughulikia lilikuwa dirisha. Fungueni madirisha na mlango mchana kutwa, na usiku tumieni vyandarua badala ya kuziba.

Kuhusu safari ya Sengerema, ningeomba mama mkwe asubiri. Mgonjwa huambukiza zaidi kabla hajaanza dawa, na ikiwa vimelea vyake havina usugu kwa dawa na anameza dawa kila siku bila kuruka, uwezo wake wa kuambukiza hushuka haraka ndani ya wiki chache. Huko Madras, India, katika utafiti ulioanza mwaka 1956, wagonjwa walipangwa kwa kura, wengine watibiwe nyumbani na wengine sanatoria, yaani hospitali maalumu za kulaza wagonjwa wa TB. Ndugu wa waliotibiwa nyumbani hawakuugua zaidi ya ndugu wa wale waliolazwa. Kilichowapata wanao, kama kipo, kwa sehemu kubwa kilishawapata katika ile miezi miwili ya kikohozi. Ukiwapeleka Sengerema leo unawaondolea kliniki, huwaondolei hatari. Kwa sasa shemeji alale sebuleni peke yake, na avae barakoa anapokuwa ndani na watoto.

Sasa kipimo chako. Makohozi kutokuwa na vimelea maana yake ni kwamba huna ugonjwa unaoonekana kwa sasa. Hakisemi kama umeambukizwa. Vimelea vinaweza kukaa mwilini vimelala, bila kikohozi na bila kumwambukiza mtu mwingine, na kati ya watu 100 walioambukizwa namna hiyo, 5 hadi 10 hivi ndio huja kuugua maishani mwao, takriban nusu yao katika miaka 2 ya mwanzo. Kwa mwenye VVU asiyetumia dawa hatari ni kubwa zaidi, na kwa mtoto wa chini ya miaka 5 ni kubwa na ya haraka: ugonjwa unaweza kuingia kwenye utando wa ubongo ndani ya miezi michache. Chanjo ya BCG aliyopata mtoto baada ya kuzaliwa inasaidia hasa dhidi ya aina hizo kali, lakini haitoshi kumfanya asipimwe.

Kwa hiyo anza na wa miezi 9 na wa miaka 4, wiki hii, hata kama wanacheza vizuri. Mtoto mdogo hawezi kutoa makohozi. Mhudumu atamwangalia uzito, atauliza habari za homa na kikohozi, atapiga picha ya kifua ikibidi, na hata choo chake kinaweza kupimwa kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vimelea vya TB. Akionekana hana ugonjwa, hupewa tiba kinga, yaani dawa za kuzuia maambukizi yasigeuke ugonjwa. Wa miaka 7, wewe na mume wako mfuate kwa utaratibu huohuo. Tiba kinga iliyozoeleka ni isoniazidi kila siku kwa miezi 6; ipo pia ya isoniazidi na rifapentini, mara moja kwa wiki, dozi 12. Ukipewa hiyo ya pili na unatumia vidonge au kijiti cha uzazi wa mpango, mweleze mhudumu, kwa sababu rifapentini hupunguza nguvu ya homoni hizo.

Wenzake wa kambini wanahusika sana, pengine kuliko jirani yenu wa ukuta mmoja. Mtumbwini ziwani, penye upepo, sina wasiwasi mkubwa. Wasiwasi wangu ni kibandani: wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, usio na mbalamwezi, na kulala mchana, na wanaojifungia pamoja ndani ya kibanda cha bati na turubai ili kuukwepa mwanga hugawana hewa ileile kwa saa nyingi. Aliyelala naye humo hata usiku mmoja, au aliyeshinda naye mara kwa mara ndani, katika miezi 3 kabla hajaanza dawa, anahesabiwa mtu wa karibu. Mwombe shemeji aitajie kliniki jina la mwalo (pale mitumbwi inapotia nanga), la tajiri wake, na namba za simu za wenzake, kwa kuwa siku hizo za giza zikiisha hutawanyika. Asirudi ziwani kabla kliniki haijamruhusu, na siku atakayorudi aende na kadi yake ya matibabu pamoja na barua ya uhamisho, ili achukulie dawa kwenye zahanati iliyo karibu na kambi.