Maziwa ya mtoto hayasubiri ndege iruke

Mama mmoja wa Moshi ameniandikia. Mwanawe ana miezi mitano, anatumia maziwa ya kopo, na wanapanda ndege ya usiku uwanja wa Kilimanjaro (KIA) kwenda Ulaya. Anauliza akoroge chupa ngapi nyumbani. Dada yangu, usikoroge hata moja.

Tupige hesabu ya saa. Ndege ikiruka saa 3 usiku, unatakiwa uwe uwanjani saa 12 jioni. Uwe unatokea Moshi au Arusha, jiwekee saa nzima ya barabarani, maana malori ya Bomang'ombe na Usa River hayajui kama una mtoto. Kwa hiyo maziwa uliyokoroga saa 10 na nusu jioni yanatimiza saa 4 kabla hata hujakaa kwenye kiti. Na maziwa ya kopo yakishakorogwa, katika joto la kawaida yanafaa kwa saa 2 tu. Mtoto akishayaonja, yaliyobaki yamwagwe ndani ya saa moja, kwa sababu mate yameshaingia. Wanaokwambia "beba chupa za kutosha" wanahesabu kuanzia ndege inaporuka. Wewe hesabu kuanzia kijiko kinapogusa maji.

Beba vitu vitatu mbalimbali: chupa tupu zilizochemshwa, unga uliopimwa, na chupa ya chai. Unga uweke kwenye vikopo vidogo vyenye vifuniko, kila kimoja mlo mmoja. Kopo nyingi zinataka kijiko kimoja kwa mililita 30 za maji, kwa hiyo mlo wa mililita 150 ni vijiko 5 vilivyosawazishwa, lakini soma kopo lako kwanza. Vikopo viwe vikavu kabisa. Unyevu kidogo tu unagandisha unga na kuzalisha vijidudu. Hesabu mlo mmoja kila saa 3 au 4 tangu mlango wa nyumbani hadi mlango wa mwenyeji wako, kisha ongeza mitatu. Ndege huchelewa, na kopo la aina yako huenda usilipate njiani.

Maji ndiyo yenye kazi. Unga wa maziwa hauuzwi ukiwa umeuliwa vijidudu vyote, hata kopo liwe jipya, ndiyo maana maji ya kukorogea yasipungue nyuzi 70. Maji ya uvuguvugu hayaui chochote. Chupa nzuri ya chai, ukiisuuza kwa maji yanayochemka kisha ukaijaza hadi shingoni, hukaa juu ya nyuzi 70 kwa saa kadhaa. Ukiijaza nusu, inapoa upesi.

Kwenye ukaguzi, maziwa na maji ya mtoto kwa kawaida hayabanwi na ile sheria ya vimiminika visivyozidi mililita 100, ila yatoe mapema na useme ni ya mtoto. Chupa ya maji ya moto inaweza kuleta mabishano. Pita nayo tupu, kisha omba maji yanayochemka kwenye mgahawa wa ndani. Ukibadilisha ndege Doha au Addis Ababa utakaguliwa tena, kwa hiyo jaza baada ya ukaguzi wa mwisho. Maji ya chai ya ndani ya ndege yanatoka kwenye tangi la ndege. Usiyategemee kwa mtoto.

Tangulia maji, unga ufuate. Usitikise maziwa ya moto yakiwa na chuchu juu, mvuke utayarusha. Funika kwa kile kifuniko bapa. Kisha mwombe mhudumu kikombe cha maji yenye barafu, tumbukiza chupa hadi chini ya shingo, na uonje kwa kudondoshea mkononi. Kupoza kunachukua dakika kadhaa, kwa hiyo anza kabla mtoto hajalia.

Masikio huuma zaidi wakati wa kushuka. Ndege ikipanda, hewa iliyo ndani ya sikio hutoka yenyewe kirahisi, lakini ikishuka hewa huingia kwa shida mpaka mtoto ameze. Watu humnyonyesha mtoto ndege inaporuka, anashiba, halafu analala hadi inatua akilia. Mbakizie mlo wa kushukia, na kama amelala mwamshe dakika 25 hivi kabla ya kutua.

Anayenyonyesha ziwa mambo yake ni mepesi. Kama miezi 6 bado haijapita, mtoto hahitaji maji hata kwenye hewa kavu ya ndege. Mama ndiye anywe. Maziwa yaliyokamuliwa yanadumu saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, au hadi saa 24 kwenye kibegi cha baridi chenye barafu ya plastiki iliyoganda kweli.

Mtoto aliyeanza kula, achana na uji na mtori wa kwenye chupa ya chai. Ukishapoa chini ya nyuzi 60 unaanza kuharibika hata kabla hujasikia uchachu mdomoni. Ndizi mbivu na parachichi zina ganda lake, unakata wakati wa kula. Parachichi limalizike ndani ya ndege ukienda Ulaya, na mtori wa nyama hauruhusiwi kuingia kabisa.

Wanaopanda ndege ndogo za Kisongo, uwanja wa Arusha, kwenda Zanzibar wajue kwamba hazina maji ya moto, na nyingi hazirekebishi mgandamizo wa hewa. Mizigo nayo mara nyingi ni kilo 15 tu, begi la mkononi likiwemo. Koroga ukiwa chumba cha kusubiria, mpe mtoto kidogo kwenye chupa moja, na chupa ya pili usiiguse hadi rubani anapoanza kushuka kuelekea baharini.