Majestic ya Vuga bado imesimama

Umetumiwa picha, ukauliza kama sinema ya Majestic ya Zanzibar ilibomolewa. Hapana, haikubomolewa. Unaichanganya na Cine Afrique, sinema nyingine ya mtaa wa Malindi hapa Zanzibar, hiyo ndiyo iliyogeuzwa maduka. Majestic ipo palepale Vuga, Mji Mkongwe, ila usitegemee kuona filamu: paa la ukumbi lilishaporomoka, ukichungulia ndani unaona mbingu. Kwa mbele bado ina sura yake, ule ukuta wa mapindo ya mviringo wa miaka ya 50.

Na si jengo la kwanza hapo. Mwaka 1921 ilijengwa sinema ya Royal, ikaungua, ndipo ikaja hii mwaka 1955. Mama yangu aliiwahi enzi za filamu za Kihindi za Jumapili, tiketi zinalanguliwa mlangoni. Kilichoiua ni video majumbani, maana televisheni ya rangi Zanzibar tulikuwa nayo tangu 1973.

Mipango ya kuifufua imekuwapo, na wapo wanaoipigania kweli. Lakini paa si mkeka, halitandikwi kwa siku moja. Angalia pia picha uliyotumiwa ni ya wapi, maana Tanga nako kulikuwa na Majestic.