Boksi la sabufa: anza na la kuziba

Ukianza kazi ya kufunga muziki kwenye magari, wateja wengi watakuja na ombi moja: "Nataka boksi lenye tundu, ndilo linapiga." Ni kweli linapiga. Kwa spika ileile na amplifaya ileile, tundu linaongeza mdundo karibu na masafa uliyolipimia, yaani kiwango cha mitetemo kwa sekunde (hezi). Hata hivyo nakusihi, maboksi yako ya mwanzo yawe ya kuziba, yasiyo na tundu lolote la hewa.

La kuziba linakuvumilia. Hewa iliyofungiwa ndani inakuwa springi ya kuirudisha koni (ile sehemu ya spika inayocheza) mahali pake, na ukikosea lita mbili tatu, sikio halitashtuka. Spika nyingi za inchi 12 zinatosheka na lita 28 hivi, kwa hiyo hata buti la Vitz linabaki na pa kuweka mizigo. Kazi kubwa ni kuziba: gundi kila kiungo, halafu silikoni kwa ndani. Funga spika, sukuma koni taratibu kwa vidole, iachie. Ikirudi polepole, boksi limeshika. Ikirudi chapu, panavuja, na mara nyingi ni pale waya unapopita.

La tundu halina huruma hiyo. Nilijifunza kwenye Probox moja. Boksi lilibaki na lita 53 baada ya kutoa nafasi ya spika, bomba (ndilo linalofanya tundu) na mbao za kukaza (hizi mbao mafundi wengi husahau kuzitoa). Bomba la kipenyo cha sentimita 10 lilitakiwa liwe na urefu wa 25, boksi likae kwenye hezi 37. Nafasi ikanibana, nikalikata 12. Masafa yakapanda hadi karibu 48. Singeli ilidunda vizuri, mteja akaondoka na furaha. Lakini kwenye nyimbo zenye besi ya chini kabisa koni ilikuwa inatapatapa, maana chini ya masafa ya bomba hewa haiizuii tena. Akarudi baada ya wiki. Nilipoibonyeza koni, nikasikia koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, inakwaruza ndani. Spika nililipa mimi, na bado inaniuma, kwa sababu aliniamini.

Ukifikia kutengeneza la tundu, washa filta ya kukata masafa ya chini kwenye amplifaya. Kwa boksi la hezi 37 mimi huiweka hezi 30. Na kabla hujanunua ubao, soma karatasi iliyokuja na spika. Mtengenezaji ameandika lita anazotaka kwa kila aina ya boksi, na spika nyingine ameziandikia la kuziba peke yake.