Damu Chooni Isiitwe Bawasiri Kabla ya Kamera

Mama akirudi sokoni alikuwa akifika ghorofa ya pili, hapa kwetu Umoja, anasimama mkono ukutani, kikapu cha sukuma wiki miguuni. "Ni uzee, mwanangu." Ana miaka 63, nikamwamini. Miezi saba alitibiwa amiba, kisha bawasiri, kwenye kliniki ya mtaani. Damu chooni alikuwa ameiona tangu mwanzo, ila aliona haya kumtajia mwanawe wa kiume. Mpaka daktari mwingine alipoona damu imepungua mwilini, akauliza, "Sasa hii damu inaenda wapi?" Kamera iliyoingizwa utumboni ikaonyesha saratani ya utumbo mpana.

Tangu siku hiyo nimesoma sana, hasa juu ya maikroRNA: vipande vya RNA vyenye herufi kama 22 tu, ambavyo kazi yake ni kunyamazisha jeni. Victor Ambros na Gary Ruvkun walizigundua kwa kuchunguza minyoo midogo, wakatuzwa Nobel ya 2024. Kwenye saratani hii ya utumbo mpana, maikroRNA iitwayo miR-21 huzidi na kuzima jeni kama PTEN na PDCD4, ambazo ndizo breki za seli. Wakati huohuo miR-143 na miR-145, zinazosaidia kuizuia seli, hupungua. Ni matatu iliyokatika breki mteremkoni.

Watu huniuliza kama wakapimwe hizo maikroRNA. Watafiti huziona kwenye damu na kwenye choo, lakini bado si kipimo cha kawaida cha hospitali. Ukiuziwa kipimo hicho mtandaoni, tafadhali usitoe pesa yako. Omba kipimo cha damu iliyojificha chooni. Na kama damu unaiona kwa macho, au choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, omba kolonoskopi, yaani ile kamera ya utumbo mpana, moja kwa moja. Vinyama vinavyoota ndani ya utumbo mara nyingi huchukua miaka kama 10 kugeuka saratani, na daktari huvikata palepale kamera ikiwa ndani. Hiyo miaka ndiyo tuliyoipoteza sisi.

Mzazi au ndugu wa damu akiugua, wewe anza kupimwa ukiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogunduliwa nao, utakaotangulia. Mimi nina 41, nimeshakwenda. Kunywa ile dawa ya kusafisha tumbo ndiko kugumu, usiku mzima ni wa choo, na siku nzima kabla yake nilishinda kwa chai ya rangi. Kamera yenyewe sikuisikia, nilikuwa nimelala.

Mama yuko kwenye kemo ya nne. Dada yangu anatimiza 40 mwezi Machi, na Mama mwenyewe ndiye aliyempigia simu, akamweleza yote, hata ile damu.