Picha ya ukutani huanzia kwenye darubini, si dukani kwa mchapaji

Wadogo zangu mnaoanza kupiga picha za nebula za sayari, yaani mawingu ya gesi yaliyomwagwa na nyota zinazokufa, tusikilizane. Kukesha mnajua na kufuatilia nyota mnajua. Kisha mnapeleka faili dukani, mnaagiza karatasi ya A2 (sentimita 42 kwa 59.4), mnarudi mmenuna. Someni haya kabla hamjalipia karatasi nyingine.

1. Pigeni hesabu ya ukubwa kwanza. Mwenzenu mmoja aliniletea picha ya M57, ile nebula ya Pete kwenye kundinyota la Lyra, imejaa A2 nzima. Kwenye simu ilivutia sana. Kwenye karatasi kingo za pete zilikuwa vijiraba, na programu ya kunoa ilikuwa imechora nyuzi ambazo angani hazipo. Lawama zote akamtupia mchapaji. Nikamwambia, haya, toa kikokotoo. Pikseli za kamera yake ni maikroni 3.76, urefu wa fokasi wa darubini milimita 1000. Zidisha 206.265 kwa 3.76, gawa kwa 1000: kila pikseli inabeba sekunde ya tao 0.78 ya anga (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii). M57 ina upana wa sekunde 86 hivi, kwa hiyo pete nzima imekaa kwenye pikseli 110. Kwa nukta 300 kwa inchi, hiyo haifiki hata sentimita moja! Upande mfupi wa A2 peke yake unataka pikseli 4,961. Niliumia kwa ajili yake, maana kazi yenyewe ilikuwa safi, nyota ni duara hadi pembeni kabisa.

Sasa darubini hiyohiyo ielekezeni Helix, NGC 7293, kwenye kundinyota la Ndoo. Ina dakika za tao 25 hivi (kila dakika ni sekunde 60), inakaribia upana wa Mwezi. Mnapata pikseli zaidi ya 1,900: sentimita 16 kwa nukta 300, au 32 kwa nukta 150, na picha inayotazamwa kutoka ng'ambo ya sebule haidai zaidi ya hapo. Halafu ni ya kwetu hasa. Mwanzoni mwa Oktoba, saa nne usiku, Dar es Salaam inaiona digrii 76 juu ya upeo. London haizidi 18. Mnaiachaje?

2. Mwanga wa kijani wa oksijeni kwenye nebula msiugeuze kuwa buluu. Mwaka 1864 mwanaastronomia William Huggins alielekeza spektroskopu, kifaa cha kutawanya mwanga katika rangi zake, kwenye NGC 6543, nebula nyingine ya sayari, akitarajia upinde wa rangi kama wa nyota. Akakuta mistari michache tu, yaani gesi. Mstari mkali wa kijani ulisumbua watu hadi 1927, mwanafizikia Ira Bowen alipoonyesha kuwa ni oksijeni iliyopoteza elektroni mbili. Ndiyo hiyo rangi ya nanomita 500.7 (urefu wa wimbi la mwanga) mnayoihangaikia na filta usiku kucha, kisha mnaizika kwa kubofya mara moja! Wino wa CMYK, zile rangi nne za printa, nao hauifikii vizuri, basi ombeni profaili, yaani faili inayoeleza rangi za printa na karatasi hiyo, mwone rangi zitakavyotoka kabla ya kuchapa.

3. Punguzeni mwanga wa skrini mnapohariri, maana karatasi haiwaki kama skrini. Chapeni kwanza kipande kidogo kwenye karatasi ileile.

4. Anga msiipake weusi wa lami. Nje ya pete ya Helix kuna ukungu hafifu, gesi ambayo nyota iliimwaga mapema zaidi, na karatasi isiyong'aa humeza vivuli. Inueni vivuli kidogo kwenye faili ya kuchapa, na ile ya kwenye skrini muiache ilivyo.