Si Waalawi wote waliokuwa Assad

Umeuliza Waalawi wa Syria, jamii ndogo ya dhehebu lililotokana na Ushia, wanalalamika nini leo, wakati "wao ndio walikuwa serikali" kwa zaidi ya miaka 50. Ndugu yangu, usiwatie wote chungu kimoja. Kweli ni kama asilimia 10 tu ya wananchi, na kweli makamanda na wakuu wa usalama wengi walitoka kwao. Hilo lilianza zamani: Wafaransa walipotawala waliandikisha sana jeshini watu wa jamii ndogo, na kwa kijana maskini wa milimani, kambi ndiyo iliyokuwa na mshahara.

Lakini mwangalie Hafez al-Assad, Mwalawi aliyeanzisha utawala wa ukoo wake. Alipotwaa madaraka 1970 alimfunga Salah Jadid, Mwalawi mwenzake aliyeshika hatamu kabla yake, naye Jadid akafia gerezani 1993. Mustafa Tlass, waziri wa ulinzi kuanzia 1972 hadi 2004, alikuwa Msunni. Ule ulikuwa utawala wa ukoo na majasusi, uliowajaza Waalawi wa kawaida hofu kwamba ukianguka watalipiziwa kisasi. Na baada ya damu iliyomwagwa 1982 katika mji wa Hama, jeshi la Hafez lilipozima uasi wa Wasunni kwa kuua maelfu, hofu hiyo iliaminika kirahisi mno.

Aliyetesa watu katika gereza la Sednaya ashtakiwe kwa alichofanya yeye, nami nitashangilia. Kilichotokea pwani ya Syria, wanakoishi Waalawi wengi, Machi 2025, miezi mitatu baada ya Bashar, mwana wa Hafez aliyemrithi, kukimbia nchi, hakikuwa haki hata kidogo. Kule Baniyas, mji wa pwani hiyo, watu walifuatwa majumbani kwao, wengine wakaulizwa kwanza kama ni Waalawi, kisha wakapigwa risasi.